Tunanung'unika kibarazani, mkutanoni tunanyoosha mikono: ni woga, au ni nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkulima wa korosho katika wilaya ya Newala, mkoa wa Mtwara, kusini mwa Tanzania, na ni mwanachama wa chama chetu cha msingi cha ushirika kwa miaka sita sasa. Kabla ya msimu kufunguliwa tuliitwa kwenye mkutano mkuu wa chama. Wiki nzima kabla ya hapo, kila nilipopita, iwe kisimani, iwe kwa mama anayekaanga vitumbua, nilisikia watu wakilalamikia makato mapya ya kujenga ofisi ya chama. Siku ya mkutano mwenyekiti aliyasoma yale makato, akauliza, "Wanaoafiki?" Mikono ikapanda yote, na wangu pia. Nilirudi nyumbani nikijionea haya. Mkutano wa kijiji uliofuata watu hawakufika hata thelathini, wakati siku mbili kabla yake tulikuwa msibani na hapakuwa na pa kukaa. Je, sisi watu wa kusini tumekuwa waoga wa kufuata mkumbo tu? Na mtu mmoja, tena mwanamke, anaweza kufanya nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na mkono wako, kwa sababu umeandika habari zake kama mtu anayekiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa tayari na shahada zangu na miwani yangu, nilikaa chini ya mwembe katika kijiji kimoja cha mkoa wa Lindi ambako mama yangu ana shamba, tukaulizwa kama tunaafiki kila kaya itoe fedha za choo cha shule, choo ambacho kila aliyekuwa pale alijua kuwa kilikwisha kuchangiwa mwaka uliotangulia. Mkono wangu ulipanda kabla sijaamua lolote. Nilipoutazama kule juu ulikuwa kama mkono wa mtu mwingine. Kazi yangu ni kuchunguza namna watu wanavyoishi na kuamua mambo kwa pamoja, na bado ulinipanda. Kwa hiyo usitegemee kwangu hukumu juu ya wako.

Jambo lililokupata limepimwa, tena mbali sana na Newala. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch, akiwa Marekani, alianza kuwaita vijana wa chuo katika vikundi vya watu kama saba au tisa na kuwaonyesha mstari mmoja uliochorwa kwenye kadi, kisha kadi nyingine yenye mistari mitatu, akiwauliza ni upi kati ya hiyo mitatu unaolingana na ule wa kwanza. Jibu lilikuwa wazi kiasi kwamba mtu akiulizwa peke yake hakosei hata mara moja katika mia. Lakini katika kila kikundi wote walikuwa wamepangwa isipokuwa mmoja, naye huyo mmoja alikaa karibu na mwisho, akiwasikia wenzake wakitaja, mmoja baada ya mwingine na bila kupepesa macho, mstari ambao si wenyewe. Zamu yake ilipofika, zaidi ya theluthi moja ya majibu ya watu wa namna hiyo yalifuata kosa la wenzao, na takribani watu watatu katika kila wanne walifuata angalau mara moja.

Ukiishia hapo utasema binadamu ni bendera, hufuata upepo. Wengi wanaolisimulia jaribio hili huishia hapo, nami huona wanaiacha nyama na kuondoka na mfupa. Asch aliendelea kulibadilisha jaribio lake, na mabadiliko hayo ndiyo yanayokuhusu. Aligundua kwamba mpinzani mmoja hana nguvu ya kukuyumbisha, wawili wanakuyumbisha kidogo, na wakifika watatu nguvu yote inakuwa imekwisha kukusanyika, kiasi kwamba kuongeza watu wengine hakuleti tofauti kubwa. Aligundua pia kwamba mtu aliyeruhusiwa kuandika jibu lake kwenye karatasi badala ya kulitamka mbele ya wenzake alifuata kosa mara chache zaidi. Na kubwa kuliko yote, alipomweka ndani ya kikundi mtu mmoja tu wa kutoa jibu la kweli kabla ya yule anayepimwa, kufuata mkumbo kulishuka hadi kama robo ya pale mwanzo. Ikawa mtu mmoja wa kuungana naye ana uzito kuliko kundi zima la wanaopinga.

Kuna kipengele kimoja ambacho hunifikirisha kila ninapokisoma. Asch alimfanya yule mwenza wa kweli abadilike katikati ya jaribio na kujiunga na wengi; kufuata mkumbo kukarudi kwa kishindo, karibu kama vile mwenza hakuwahi kuwepo. Lakini alipomfanya mwenza huyo aitwe nje na kuondoka tu, bila kugeuka, ujasiri aliouacha ulibaki kwa muda katika yule aliyebaki chumbani. Lishike hilo, nitalirudia nitakapofika kwenye ushauri.

Sasa, swali lako la kama ni sisi watu wa kusini. Mwaka 1967 mtafiti John Berry alichapisha matokeo ya kupima jambo la namna hii kwa watu wa Temne wa Sierra Leone, ambao ni wakulima wa mpunga, na kwa wawindaji wa Inuit wa kaskazini mwa Kanada. Wakulima walifuata kauli ya wengi zaidi kuliko wawindaji, naye akalieleza hilo kwa namna ya maisha yenyewe: mwindaji anayekwenda peke yake barafuni analelewa ajiamini, na mkulima anayevuna kwa msimu mmoja na kula kwa pamoja analelewa akubaliane na wenzake. Mtemne mmoja alimweleza kwamba watu wake wakishachagua jambo ni lazima wote walikubali, na kwamba hilo ndilo wanaloliita ushirikiano. Nililisoma jibu hilo nikacheka peke yangu, kwa sababu hapa kwetu tumelichukua neno lilo hilo tukalibandika kwenye mlango wa ghala la korosho.

Ninayasema haya ili usiende kuwaambia jirani zako kwamba kukubaliana ni ugonjwa. Kukubaliana huko ndiko kunakoleta maji ya kunywa msibani bila mtu kuandikiwa barua, na ndiko kunakofanya familia ishindwe kumwacha mtoto wake nyuma wenzake wakiingia jandoni. Tatizo la mkutano wenu liko mahali pengine, nalo ni kwamba watu hawakukubaliana. Walidhani wamekubaliana.

Fikiri ulichokiona siku ile. Ulijua moyoni mwako kwamba makato hayakupendezi. Ulikuwa umewasikia watu kadhaa wakinung'unika, lakini kunung'unika kisimani hakumfungi mtu, na ulipoinua macho mkutanoni ulichokiona ni msitu wa mikono. Ukahitimisha kwamba kumbe walikuwa wanaropoka tu, kumbe wenzangu wameafiki, ya nini mimi nionekane mkaidi. Aliyekaa nyuma yako akauona mkono wako, akahitimisha vivyo hivyo. Kila mmoja aliusoma mkono wa mwenzake kama ushahidi, kumbe mkono wenyewe ulipanda kwa sababu ya mikono mingine. Mtu anaweza kuwa katika mkutano wa watu mia mbili ambamo mia na hamsini wana wazo moja, na kila mmoja wa hao mia na hamsini akaondoka akiamini yuko peke yake.

Jambo hili limewahi kuonyeshwa vizuri Riyadh, Saudi Arabia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Vijana wa kiume waliooa waliulizwa faraghani kama wanaona ni sawa mwanamke kufanya kazi nje ya nyumba. Zaidi ya asilimia 80 walisema ni sawa, ila wengi wao, walipoulizwa kukisia maoni ya vijana wenzao waliokuwa nao chumbani, walikisia kiwango cha chini kuliko kile cha kweli. Sehemu yao wakaonyeshwa takwimu halisi za chumba chao. Hakuna aliyehubiriwa wala kukemewa, waliambiwa tu wenzenu wanafikiri hivi. Na hao walioambiwa wakawa wepesi zaidi kuliko wenzao ambao hawakuambiwa kuwaandikisha wake zao kwenye huduma ya kutafutiwa kazi. Walichopungukiwa kilikuwa taarifa juu ya majirani zao.

Nisikudanganye lakini kwamba kila kimya ni kutojuana. Kimya kingine kina hesabu zake, tena hesabu nzuri. Viongozi wa chama cha msingi ndio wanaopokea korosho zako, ndio wanaozipima, na ni mbele yao ndipo inapoamuliwa kama mzigo wako umekauka au una unyevu. Mtendaji wa kijiji ndiye anayekuandikia barua ya utambulisho mtoto anapotaka kitambulisho au wewe unapotaka mkopo. Orodha za wanaopata pembejeo za ruzuku na za kaya zinazosaidiwa na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, zinapita katika mikono ya watu hao hao au ya ndugu zao. Huhitaji kuwa na kiongozi mbaya ili watu wanyamaze mbele yake. Inatosha wawe wanamhitaji kesho. Mama mwenye magunia manne ghalani akiamua kwamba siku ya kubishana na mpima korosho si leo, mimi siwezi kumwita mwoga, na ningekuomba nawe usimwite.

Kuna na lile la kutegeana. John Darley na Bibb Latané, New York mwaka 1968, waliwafanya vijana wasikie kupitia vipokea sauti vya masikioni sauti ya mwenzao aliyeonekana kuanguka kifafa katika chumba kingine. Waliodhani wao peke yao wamesikia, asilimia 85 walitoka kwenda kutafuta msaada kabla ya sauti ile kukatika. Waliodhani kuna wengine wanne waliosikia kama wao, ni asilimia 31 tu. Mkutanoni kwenu kila aliyekuwa na hoja alimwangalia mtu anayejua kusema, tuseme mwalimu mstaafu, naye huyo, nadhani, alikuwa akiwaangalia ninyi.

Nije kwenye viti vitupu vya mkutano wa kijiji, kwa kuwa hapo ndipo ulipoona jambo ambalo wasomi wengi hawalioni: kwamba watu wale wale walioukimbia mkutano waliujaza msiba. Tunaposikia kwamba watu siku hizi hawashiriki mambo ya jamii, picha tunayopewa ni ya mtu aliyejifungia ndani na simu yake. Huko kwenu mtu huyo ni nadra. Watu wapo kwenye kikoba kila wiki, wamo kwenye michango ya harusi, wanafunga safari kutoka Dar es Salaam kuja kwenye unyago wa mtoto wa dada yao. Ushiriki umehama, na unapohama una sababu za kuhama.

Linganisha mambo hayo mawili kwa utulivu. Msibani usipofika unaulizwa, na ukifika kuna kazi yako ya dhahiri: kuni, maji, kuchimba, kukaa na wafiwa. Kwenye kikoba hisa zako zinahesabiwa mbele ya macho yako na kisanduku kinafungwa kwa kufuli zaidi ya moja. Katika mkutano wa kijiji usipofika hakuna atakayejua, na ukifika utasikia ajenda zilizokwisha kuamuliwa, kisha utaombwa unyooshe mkono, kisha utatajiwa mchango. Mtu mwenye akili timamu akishayaona hayo mara tatu, mara ya nne anakwenda shambani. Ile siku mnanyoosha mikono yote kwa pamoja na ile siku hamwendi kabisa ni hatua mbili za safari moja, kwa sababu aliyegundua kwamba sauti yake haibadilishi kitu huanza kwa kuikopesha bure na huishia kuiondoa.

Linaniuma zaidi kwa kuwa kwa mujibu wa sheria mkutano ule mlioukimbia ndio mkubwa. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na kwamba ndio wenye mamlaka ya juu juu ya sera zote za kijiji. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, iko chini yake. Mkutano huo unatakiwa kufanyika angalau kila miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla ya mkutano huo kuridhia. Maana yake mwekezaji akija kutaka eka zenu, waliohudhuria ndio kijiji. Asiyekuwepo na lake halipo, nalo la ardhi likishapita linakaa miaka mingi. Kwa upande wa chama chenu, Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 nayo inaweka mkutano mkuu wa wanachama juu ya bodi.

Mazoea ya kuupokea mkutano kama mahali pa kusomewa maelekezo hayakuanza na mwenyekiti wenu. Mwaka 1972 serikali za mitaa nchini zilivunjwa na kazi zake kuhamishiwa kwa maofisa wa wilaya na mikoa. Katika miaka hiyo watu walikuwa wakihamishiwa vijijini, na Mtwara, kwa kuwa mpakani kulikuwa na vita vya ukombozi wa Msumbiji, ilihamishwa mapema kuliko mikoa mingi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa pia. Sheria za kuvirudisha vyombo hivi zilipitishwa mwaka 1982, lakini mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya sitini alikuwa amefika utu uzima katika miaka ambayo hapakuwa na baraza la wilaya lililochaguliwa wala chama kikuu cha ushirika ambacho baba yake angeweza kukipigia kura ya hapana. Wazee wanaoongoza mikutano yenu leo ndio watoto wale. Sisemi hivyo kuwalaumu, wala sisemi kila kitu kinaelezwa na historia. Nasema tu kwamba namna ya kuendesha mkutano hurithiwa kama namna ya kupika.

Na usiwaamini wanaokuambia kwamba watu wa huku hawana la kusema. Desemba 27, 2012 maelfu waliandamana Mtwara mjini kwa amani kupinga gesi kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kabla ya kujua mkoa utafaidika vipi. Mwezi uliofuata Masasi iliwaka moto. Aprili 2013 Liwale nyumba zilichomwa kwa sababu ya malipo ya korosho yaliyopungua, na Mei 22 mwaka huo, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa Dodoma, Mtwara ililipuka, wanajeshi wakaingia mitaani na watu wakapoteza maisha. Nilizungumza na wazee wengi baada ya hapo, na kilichowashangaza baadhi yao ni kuona jirani aliyekuwa akiitikia "ndiyo" katika kila mkutano akiwa mstari wa mbele. Mwanauchumi Timur Kuran ameeleza vizuri kwa nini mambo ya namna hii hutokea ghafla: watu wanapoficha wanachokitaka, hakuna anayejua umati umefika wapi, si watawala wala umati wenyewe, na cheche ndogo inapomwonyesha kila mtu kwamba hayuko peke yake, wote hutoka siku moja. Wahenga wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo hulipiwa na maskini kwanza. Mkutano ambao watu wangeweza kusema hapana mapema ungekuwa wa bei nafuu zaidi kwa kila upande, hata kwa serikali.

Hata kura za kitaifa zinaonyesha kwamba uchovu huu si wa kudumu. Katika uchaguzi mkuu wa 2010 waliopiga kura walikuwa kama asilimia 43 ya walioandikishwa. 2015, uchaguzi uliokuwa na ushindani mkali, walifika kama asilimia 67. Hakuna aliyewafundisha Watanzania uraia kati ya miaka hiyo mitano kwa kiasi hicho. Waliona tu kwamba safari hii kura inaweza kugeuza kitu.

Sasa tuje kwa mtu mmoja, tena mwanamke. Usisimame peke yako. Nalisema hili kwa msisitizo, kwa sababu barua yako inanuka hamu ya kwenda mkutano ujao ukalipuke. Ukilipuka utakuwa umewapa watu mchezo wa kuutazama na mwenyekiti sababu ya kukupuuza, na wale mia na hamsini watarudi nyumbani wakiwa na uhakika zaidi kwamba kusema ni jambo la watu wenye matatizo. Unachohitaji ni sauti ya pili. Kabla ya mkutano zungumza na watu wawili, ikiwezekana kutoka kikoba chako, kwa sababu hao mmezoeana kusemana mambo ya fedha. Mkubaliane kwamba wewe ukikaa tu, wa kwanza anasimama na kusema, "Mwenyekiti, naunga mkono hoja ya dada." Asingoje. Kimya cha nusu dakika kati ya hoja na anayeiunga mkono kinatosha kuizika.

Hapa ndipo linapokuja lile nililokuomba ulishike. Wachague watu ambao hawatageuka. Mwenza anayeondoka kwa udhuru huacha ujasiri wake nyuma, lakini anayesimama pamoja nawe kisha akanyoosha mkono upande wa pili anawaondolea watu hata ule kidogo waliokuwa nao. Afadhali mama wa kimya, asiyejua kuhutubia, ambaye neno lake moja halirudi nyuma, kuliko kijana mwenye maneno mengi anayetaka ujumbe wa bodi.

Usianze na kupinga, anza na kuuliza. "Ninaomba tusomewe makisio ya mapato na matumizi, na tuambiwe kila kilo itakatwa shilingi ngapi, na ofisi itagharimu shilingi ngapi kwa jumla." Swali la namna hiyo si uasi, na hakuna mwenyekiti anayeweza kulikataa bila kuonekana anaficha. Tena takwimu zikisomwa, wale wanaonung'unika bila kujua sana wanapata kitu cha kushika. Wako pia watakaogundua kwamba makato ni madogo kuliko walivyodhani, na hilo nalo ni faida.

Lililo kubwa kuliko yote, omba kura ya siri kwa kila jambo la fedha. Kumbuka wale walioandika jibu kwenye karatasi. Karatasi za daftari la shule zilizokatwa vipande, ndoo mbili na watu watatu wa kuhesabu ni gharama ndogo mno ukilinganisha na ofisi. Wenyeviti wengi watasema hakuna muda. Waambie mnakubali kungoja. Kama hoja ya kura ya siri nayo itaamuliwa kwa kunyoosha mikono, hapo ndipo sauti yako ya pili na ya tatu zitakapofanya kazi kuliko mahali pengine popote, kwa maana kuafiki usiri ni rahisi kuliko kupinga makato. Mtu anaweza kuunyoosha mkono wake bila kujulikana yuko upande gani.

Juu ya uanamke wako sina maneno mengi, ila ninalo nililoliona. Katika mikutano mingi ya wilaya zetu wanawake hukaa upande mmoja, wakati mwingine nyuma, na mwenyekiti huanza kuwapa nafasi wanaume waliokaa mbele. Nafasi ya akina mama inapofika hoja huwa imekwisha kusemwa kuwa imeafikiwa. Nendeni mapema, mkae mbele, mkae pamoja. Haihitaji hotuba yoyote.

Na muhtasari. Omba usomwe mwanzoni mwa kila mkutano, kabla ya ajenda nyingine, ukitaja nani aliuliza nini na alijibiwa nini. Hoja iliyoandikwa hurudi. Isiyoandikwa inahesabiwa kuwa haikusemwa. Ukiona mapato na matumizi hayasomwi mkutano hadi mkutano, vyama vya ushirika vina mrajis wake, yaani ofisa wa serikali anayevisimamia, na vina wakaguzi wa hesabu kisheria, na barua yenye sahihi za wanachama kumi na watano haimpi mpima korosho jina la mtu mmoja wa kumkasirikia.

Inawezekana, mwanangu, kura ya siri ikapigwa, karatasi zikahesabiwa kwenye ile ndoo, na ofisi ikapita. Hapo utajua kwamba wenzako kweli wanaitaka ofisi, jambo ambalo leo hulijui wewe, hawalijui wao, na mwenyekiti wenu halijui vilevile. Makato utayalipa kama wengine, na mkutano unaofuata wa chama utakwenda kuuliza matofali yamefikia wapi.